Nyumba Inavuja

Nyumba ya kwanza niliyowahi kujenga ilikuwa na kuta nne, sakafu, dari na taa moja. Mlango niliusahau. Niliijenga saa nane usiku kwenye laptopu ya mkono wa pili, katika bedsita yangu Kahawa West, huku mathe akiamini nasomea mitihani ya mwaka wa nne.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano. Karo ilirundikana, nikakosa kujisajili muhula mmoja, kisha wa pili, mwishowe nikaacha hata kufungua baruapepe zao. Nikawa naandika makala za watu mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Kila Jumapili mathe angepiga simu.

"Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda poa, mama."

Hammer ni edita ya Valve, kampuni iliyotengeneza Half-Life. Zamani iliitwa Worldcraft. Kama ulicheza Counter-Strike saiba baada ya shule, basi unaijua de_dust. Ramani hiyo Dave Johnston aliijenga mwaka 1999 akiwa bado kijana wa shule. Hiyo ndiyo ilinipa moyo. Nikasema, kama yeye aliweza, na mimi sina hata shule ya kunisumbua?

Skrini inagawanyika mara nne: dirisha moja la kamera, na matatu ya mistari, kutoka juu, mbele na kando. Unachora kisanduku kwenye gridi, unabonyeza Enter, kinakuwa ukuta. Mchezaji ana upana wa yuniti 32 na urefu wa 72. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa na urefu wa 64, kwa hivyo ilibidi achuchumae ndio apite. Nilicheka peke yangu.

Ukimaliza unabonyeza F9, kompyuta inaikompaili dunia yako. Yangu ilirudi na ujumbe kwamba imevuja. Maana yake ni kwamba mahali fulani pana ufa unaoelekea nje, na nje hakuna kitu, ni utupu tu. Ramani ikivuja, programu haiwezi kupanga kipi kionekane kutoka wapi, na hata mwanga hauhesabiki inavyofaa. Lakini edita hukusaidia. Inachora mstari mwekundu kutoka ndani hadi pale penye ufa. Wa kwangu ulikuwa wa yuniti 1, kati ya ukuta na dari.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mgeni huigundua: unafunika ramani nzima kwa sanduku moja kubwa. Kuvuja kunaisha. Shida ni kwamba sasa programu inachukulia kila kitu cha nje kuwa ni cha ndani. Inahangaika na migongo ya kuta ambayo hakuna mtu ataiona, na gemu inakuwa nzito. Nilitumia sanduku hilo wiki tatu. Kila chumba nilichoongeza kilizidi kuilemea laptopu, hadi nikalifuta na kuanza kuufuata mstari, ufa mmoja baada ya mwingine.

Jumapili hiyo mathe alipiga kama kawaida.

"Masomo yanaendaje?"

"Mama, niliacha."

Alinyamaza hadi nikaangalia kama simu imekatika. Nilitarajia machozi, au maombi.

"Na zile elfu sita nimekuwa nikituma?"

Hapo ndipo palipokuwa na ufa wenyewe. Mathe anauza mitumba. Kila mwezi alikuwa akituma elfu sita za karo, na kila mwezi mimi nikilipia nyumba, tokeni na bando.

"Nilizitumia."

"Miezi mingapi?"

"Mitano."

"Elfu thelathini," alisema. "Utanirudishia kidogo kidogo." Akakata.

Kufikia leo nimerudisha elfu kumi na moja. Bado hunipigia Jumapili, ila siku hizi huuliza kama nimepata kazi ya kuandika. Ramani yangu ina vyumba sita na haivuji. Milango yote ina urefu wa kutosha.