Siti ya Marehemu Mzee Yakwama, Binti Aendesha Gari na Mto Mgongoni Mwaka Mzima!

Wadau, kuna watu wana siri kwenye magari yao bwana! Dada mmoja wa Tanga mjini, ukimwona barabarani ni mrembo tu, vioo juu, muziki unaenda. Kumbe mgongoni kaweka mto wa kitandani!

Gari aliachiwa na marehemu baba yake. Mzee alikuwa mrefu, siti kairudisha nyuma mpaka mwisho. Binti mfupi, breki anaifikia kwa ncha ya kiatu. Kila aliyemuuliza alijibiwa siti imekwama, na kweli ilikuwa imekwama. Ila mwaka mzima hakwenda kwa fundi.

Siku moja anatoka Muheza, kufika Pongwe bodaboda huyu hapa, kakatiza. Dada kakanyaga breki, mto ukachomoka, mguu ukateleza. Gari lilisimama hatua moja tu kutoka kwenye tairi la pikipiki. Jamaa akamporomoshea maneno, dada akaegesha pembeni akalia.

Kesho yake huyoo, gereji Ngamiani.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu. Lete tuone.”

Fundi mtu mzima, hana papara. Kwanza akachomoa waya wa betri, maana chini ya siti kuna nyaya za umeme. Akafungua bolti nne zinazoshika reli sakafuni. Za nyuma zilimtoa jasho, siti ilikuwa imezikalia. Akailaza siti. Mkono wa kusogezea unavuta waya mwembamba unaopita ndani ya mpira, na waya huo ndio unafungua kufuli ya reli. Wote ulikuwa umeshikana na kutu, si unajua chumvi ya upepo wa bahari! Akapiga picha kwa simu waya ulivyopita, akabana klipu ya plastiki kwa plaizi, akatoa kichwa cha waya kwenye ndoano yake. Ukatoka.

Kijana wa gereji akadakia, “Tufunge wa klachi ya pikipiki, bei chee.”

“Wee! Ukilegea kufuli haifunguki, ukikaza mno haifungi. Siti ikiteleza mtu kashika breki, si msiba huo?”

Ukatafutwa wa siti kama ile kwenye spea za mtumba, ukapimwa urefu na ule wa zamani, sawa. Siti ikarudishwa, fundi akaisukuma na kuivuta kwa nguvu. Imefunga.

“Haya, sogea mbele mwanangu.”

“Ngoja kwanza fundi.”

Akatoa rangi ya kucha kwenye pochi, akainama, akaweka alama nyekundu kwenye reli, pale pale mzee alipokuwa anakaa. Fundi hakuuliza kitu. Akageuka kufuta mikono.

Ndipo dada akavuta mkono. Siti ikaja mbele taratibu, kacha! Mguu mzima juu ya breki.

Mto umerudi kitandani. Alama bado ipo.

Haya wadau, na wewe kuna kitu cha marehemu umeshindwa kukisogeza mpaka leo? Funguka hapo chini.