Simu Isiyomwuliza Mwenye Nyumba

Siku hizi wapo wazazi walionunua ruta, kile chombo kidogo kigawacho intaneti nyumbani. Wameweka ndani yake mpangilio wa kuzuia picha chafu, kisha wakalala usingizi mzuri. Wadhani kila simu iliyomo nyumbani itautii mpangilio ule, kama watoto wote wapitavyo mlango mmoja. Sivyo. Simu nyingi zina njia zao, na mwenye nyumba hana habari. Yafaa tulizungumze jambo hili polepole, maana lamhusu hata yule asiye na ruta, mwenye simu moja tu ya jamaa nzima.

Kwanza tuelewe mambo yenyewe. Kila tovuti ina jina, na ina namba. Jina ni letu sisi watu, tupate kulikumbuka. Namba ni ya mashine. Uandikapo jina, simu haiendi huko mara moja. Kwanza yauliza: "Mwenye jina hili, namba yake ni ipi?" Anayejibu ni mashine nyingine iliyo mbali, na mpango huo wote waitwa kwa herufi tatu, DNS. Aliyeubuni ni Mmarekani Paul Mockapetris, mwaka 1983, na mpaka leo twautumia.

Mimi ni karani wa parokia, na mpango huu wafanana na kazi yangu. Mtu huja na jina, ataka cheti cha ubatizo. Nami humtafutia kitabu na namba yake. Namba isipopatikana, cheti hakiandikwi. Basi DNS ni karani wa intaneti. Ukimchagua karani mwangalifu, ambaye akiulizwa nyumba ya uchafu hujibu, "Sina nyumba kama hiyo," umewakinga watoto bila kelele. Makarani wa namna hiyo wapo, wala hawatozi kitu. Kwa mfano, tangu Aprili 2020 kampuni ya Cloudflare inaye karani wa familia. Namba yake ni 1.1.1.3, naye hukataa tovuti za picha za uchi na zile zinazodhuru mashine.

Katika ukumbi wa parokia yetu tuna intaneti kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja jioni kujisomea. Halmashauri ya Walei ilikubali tumweke karani wa namna hii, nami nikapewa kazi hiyo. Niliandika namba katika ruta, kisha nikazipima simu moja moja, maana chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiyepima hajui kama amefundisha. Simu nyingi zilikataa, kama ilivyopasa. Lakini simu ya kijana mmoja wa kidato cha pili ilifungua kila kitu, kana kwamba hakuna kilichozuiwa. Kijana mwenyewe alishangaa kuliko mimi. Tukaichunguza pamoja. Kumbe kaka yake aliyeko mjini, ndiye aliyempa simu ile, alikuwa ameandika ndani yake karani mwingine ili azuie matangazo ya biashara. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Simu ilitumia intaneti yetu, ila swali lake ililipeleka kwa karani wake yenyewe.

Pengine utauliza, yawezekanaje? Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza: vyombo vingine, hasa vile vya kuonyesha filamu katika televisheni, vimeandikiwa karani wao tangu kiwandani. Vingi huuliza namba 8.8.8.8, karani aliyefunguliwa na Google mwaka 2009. Ruta yako havijali.

Njia ya pili ni ile ya kijana wetu. Simu za Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, zina mahali paitwapo DNS ya Faragha. Mtu akiandika hapo jina la karani amtakaye, simu humwuliza huyo tu popote iendapo, na swali husafiri limefungwa kwa siri. Swali la zamani hupita mlango namba 53. Hili hupita mlango namba 853.

Njia ya tatu ni ya kivinjari, yaani ile programu tufungulia tovuti. Oktoba 2018 ilitolewa kanuni ya kulitia swali la DNS katika bahasha ileile ya tovuti za kawaida, mlango namba 443. Ukiitazama kwa nje, hutambua ipi ni bahasha ya swali na ipi ni ya somo la hesabu. Februari 2020 kivinjari cha Firefox kilianza kuwawekea watumiaji wa Marekani njia hiyo bila kungoja waiombe.

Usikasirike upesi, msomaji. Njia hizi hazikubuniwa ili kuwaharibu watoto. Swali la zamani lilikuwa kama barua isiyo na bahasha. Kila aliyekaa njiani aliweza kuisoma, hata kulibadili jibu na kumpeleka mtu kwa mwizi. Bahasha ni kitu chema. Shida ni kwamba bahasha imfichayo mtoto mbele ya mwizi yaweza pia kumficha mbele ya baba yake. Jambo hili lilizua ugomvi Uingereza mwaka 2019. Chama cha makampuni ya intaneti kiliwataja Mozilla, wenye Firefox, miongoni mwa waovu wa mwaka, kikisema mpango wao utaruka vizuizi vya kulinda watoto. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache chama kikaliondoa neno lake. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki.

Tena si vivinjari vyote vimrukavyo mwenye nyumba. Chrome, tangu mwaka 2020, kwa kawaida hubaki na karani aliyewekwa, ila hutumia bahasha kama karani huyo anayo. Firefox nayo ina alama ambayo ruta au karani wako aweza kuitoa, nayo haitaiwasha njia yake yenyewe. Lakini mtumiaji akiiwasha kwa mkono wake, alama ile haisikilizwi.

Basi tufanyeje? Mwenye ruta amwombe fundi mambo mawili, kama ruta yayaweza: maswali yote ya mlango 53 yarudishwe kwa karani wa nyumba, na mlango 853 ufungwe. Hapo simu yenye karani wake itasema haina intaneti, na mwenyewe atakuja kuuliza. Mlango 443 usiuguse, maana ukiufunga umefunga karibu intaneti yote.

Lakini wengi wetu vijijini hatuna ruta, twanunua bando. Na simu yenye bando lake haipiti mlangoni pako kabisa. Kwa hiyo kinga yafaa iwe ndani ya simu yenyewe. Ileile DNS ya Faragha iliyoturuka ukumbini yaweza kuwa mtumishi wako. Fungua Mipangilio, nenda penye mtandao, tafuta DNS ya Faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Tangu hapo simu itamwuliza karani wa familia, iwe kwa bando, iwe ukumbini, iwe mjini kwa shangazi. Tazama na ndani ya kivinjari, usije ukakuta karani mwingine huko.

Je, mtoto hawezi kuibadili? Aweza, tena kwa dakika moja. Ndiyo maana nasema usiifanye kazi hii usiku wakati yeye amelala. Mtoto akigundua kwamba umemwekea kufuli kwa siri, atajifunza kulifungua kwa siri. Mweleze karani ni nani, na kwa nini nyumba yenu imemchagua huyu. Yule kijana wa ukumbini nilimwachia aandike jina jipya kwa kidole chake, naye ndiye aliyewaonyesha wenzake wawili. Na mlangoni pa ukumbi tumebandika karatasi: atumiaye intaneti yetu atumie na karani wetu. Kila aingiaye huisoma.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mwombe mwanao alete simu, mketi pamoja, mtafute ni karani gani anayeijibu. Huenda mtoto ataifahamu simu kuliko wewe, mwache akufundishe. Nawe umfundishe lile asilolijua, kwamba katika nyumba kila swali lina mtu wa kuulizwa.