Moja, Nne, Tatu, Mbili

Kama ulikulia Ujiji enzi zile za foleni ya sukari, wakati betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu kidogo kabla ya taarifa ya habari, bila shaka unaukumbuka mlio wa Volkswagen ikipanda kutoka ufukweni. Haukufanana na muungurumo wa Land Rover wala makelele ya Bedford. Ulikuwa mkwaruzo mkavu, kama cherehani kubwa iliyofungiwa ndani ya debe. Sisi watoto tuliliita gari hilo kobe. Kabla halijatokeza kwenye kona tulishajua ni la nani, maana yalikuwa ya kuhesabika: la padri, la daktari, la mwalimu mkuu aliyekuwa akilifuta kwa leso yake mwenyewe. Yote yalikuja na reli kutoka Dar es Salaam, yamefungwa minyororo juu ya mabehewa ya wazi, vumbi la Tabora limeyageuza rangi, na yote kwa zamu yake yaliishia chini ya mwembe wa mjomba wangu.

Siku hizi chini ya mwembe ule pana kijiwe cha bodaboda.

Gereji ya mjomba ilikuwa kivuli cha mti, magunia mawili ya kulalia, kopo la mafuta ya taa la kuoshea vyuma, na spana alizozipanga juu ya mkeka kwa ukubwa, kama muuza samaki wa Kibirizi anavyopanga migebuka. Harufu ya oili iliyoungua ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa na ya mawese yanayochemka uani kwa jirani, na mpaka leo nikinusa moja kati ya hizo naona nyingine zinafuata. Nilianza kwa kuosha vyuma. Kazi ya kwanza aliyoniachia niifunge kwa mikono yangu ilikuwa puli ya krenki.

Injini ya kobe, kama unavyokumbuka, ipo nyuma na haina rejeta. Inapozwa kwa upepo. Feni imeshikwa na shafti ileile ya dainamo, dainamo inavutwa na mkanda, na mkanda unavutwa na puli iliyofungwa kwa bolti moja tu mwishoni mwa krenki. Mkanda ukikatika, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na asiyesimama palepale anaipika injini yake. Mteja mmoja aliiona taa ile njiani kutoka Kasulu, akadhani ni mambo ya betri tu, akaendelea na safari. Tulipoifungua, pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania silinda. Nyakati hizo hata mkanda wenyewe haukupatikana. Niliwahi kuona uliotengenezwa kwa vipande vya mpira wa tairi vilivyosokotwa kama kamba ya mtumbwi, nao haukufika mbali.

Kufunga puli kulionekana kazi ya dakika tano. Mjomba aliifanya ya asubuhi nzima. Kwanza kisahani kinachorusha oili, upande uliobonyea ukitazama nje, kwani ukikigeuza kinasaga chuma. Kisha kii, kile kichuma cha umbo la nusu mwezi, kikae kwenye tundu lake bila kucheza. Halafu, kabla hajaigusa bolti, aliniamuru nipitishe ukucha kwenye kitovu cha puli.

"Unasikia nini?"

"Mfereji, Mjomba."

"Unakwenda wapi?"

Ulikwenda ndani. Injini ile haikuwa na sili pale nyuma. Kitovu cha puli kilichongwa mfereji unaojizungusha kama uzi wa skrubu, na krenki inapozunguka, mfereji unairudisha ndani oili inayotaka kutoroka. Haugusi kitu wala hausuguani na kitu. Mjomba aliupenda ujanja huo kuliko kitu chochote Wazungu walichowahi kutengeneza, pengine ukiacha meli ya MV Liemba. Na mteja alipolalamika kwamba puli inavuja, yeye hakuitazama puli. Alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja. Pumzi ikimgonga mkononi, alijua ringi zimechoka, zinapitisha moshi hadi chini, na moshi ndio unaoisukuma oili itokee kwenye puli. Wengi walibadilisha puli bure.

Baada ya hapo gari liliingizwa gia ya nne, breki ya mkono ikavutwa, na mimi nikaning'inia kwenye spana namba 30 hadi aseme basi. Mkanda ulikuwa na yake: puli ya dainamo ni vipande viwili, kati yao kuna visahani vyembamba, na unaukaza kwa kutoa kisahani katikati na kukiweka nje. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, uingie kama sentimita moja na nusu. Kisha alama. Ukingoni mwa puli mlikuwa na mkato mdogo unaopaswa kulingana na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana, na kwa mkato huo ulitega moto, kwa balbu moja na waya, bila mashine nyingine yoyote. "Moja, nne, tatu, mbili," mjomba alihesabu, maana ndivyo silinda zinavyowaka. Lakini wakati wa kupima valvu aliirudisha puli kinyumenyume, nusu mzunguko kila mara, na silinda zikaja moja, mbili, tatu, nne, kama mtoto anavyohesabu vidole. Kurudi nyuma kulikuwa rahisi.

Nikipaka oili kwa ubahili alinikumbusha Liemba: kwamba Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, ingali ikiitwa Graf von Götzen, waliijaza grisi injini yake, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ikafufuka, ikarudi kazini 1927. Na ukimcheka kobe alikutajia mashindano ya magari ya Safari: Volkswagen ilishinda 1953, mwaka yalipoanza, ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Ya miaka iliyofuata hakuyataja.

Mpwa wangu ana gereji Mwanga. Sakafu ya saruji, feni darini, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. IST ikiletwa inakohoa, yeye anachomeka waya na kioo kinamwambia silinda ipi. Ni fundi bora kuliko nilivyowahi kuwa mimi, na wateja wake hawapiki injini ovyo. Barabara ya Manyovu ni lami. Sitaki kuurudia usiku tuliowahi kulala Malagarasi tukisubiri mkanda.

Mwaka jana alinunua kobe lililokuwa limesimama uani kwa watu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Puli yake ilikuwa imepinda ukingo. Akaagiza mpya kwa simu, ikafika na basi kwa siku mbili, kitu ambacho mjomba angekisubiri miezi. Aliponiita kuiona nilinyamaza kwanza. Iling'aa kama sinia la harusi, imechorwa digrii zote 360.

"Mjomba, hii hata kipofu anatega moto."

Tuliifunga jioni ileile, nikajidai kuhesabu kwa sauti. Injini ikawaka mara ya pili. Baada ya robo saa oili ilikuwa imetapakaa kwenye saruji kama mawese yaliyomwagika sokoni.

Kosa lilikuwa langu. Sikupitisha ukucha. Kitovu cha puli ile kilikuwa laini, hakina mfereji, kwa sababu imetengenezwa kwa injini ambayo bloku yake imechongwa ikawekwa sili. Puli nzuri, pengine bora kuliko ya kiwandani kwa nchi ya vumbi kama yetu, ila si ya bloku yetu. Mpwa wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu mfereji ni nini, nikamshika kidole nikakipitisha kwenye ile ya zamani.

Tuliinyoosha ile ya zamani kwa nyundo ya mbao na tupa. Kisha yeye, si mimi, akapata wazo: akazilaza puli mbili pamoja, nafasi za kii zikitazamana, akazihamisha digrii kutoka mpya hadi kuukuu kwa rangi nyeupe na brashi ya kucha ya mkewe. Inatega moto vizuri kuliko ilivyopata kutega chini ya mwembe. Asubuhi tunakuta tone moja chini, siku nyingine mawili.

Lakini ukingo uliopinda hautadumu, na nyufa nimeshaziona. Kwa hiyo wewe uliye Ujiji, Gungu au Bangwe, mwenye injini ya kobe iliyolala nyuma ya choo: kabla hujawaita wa chuma chakavu, pitisha ukucha kwenye kitovu cha puli. Ukisikia mfereji, usiiuze kwa kilo. Ulizia gereji ya Mwanga yenye kobe la kijani mlangoni.