Bibi tuliyemkuta kwenye daftari la ubatizo

Mzazi mwenzangu, leo jioni mwombe mwanao akutajie jina la baba wa babu yake. Wengi watanyamaza, na si kosa lao. Huku kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu. Naye akipata watoto wake, jina la nyuma zaidi linadondoka. Vizazi vinne vikipita, mtu amefutika kwenye karatasi zote za nyumbani.

Waingereza walijiwekea njia mbili za kukumbuka. Tangu mwaka 1538 parokia zao ziliamriwa kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Pia kazi za watu ziligeuka majina ya ukoo: Smith ni mhunzi, Taylor ni mshonaji, Baker ni mwoka mikate. Wamisionari wao wa UMCA walipofungua kituo cha Magila, karibu na Muheza, katika karne ya 19, walikuja na desturi hiyo ya madaftari. Kwa hiyo familia nyingi za Kianglikana za Bonde zina ukoo wao ulioandikwa kwa wino, ila hazijawahi kwenda kuuangalia.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya binti yangu. Yuko kidato cha pili. Walipewa kazi ya kuchora mti wa ukoo, na mwenzake akamwambia mbele ya darasa, “Nyie si Wabondei, nyie ni watu wa kuja.” Alirudi nyumbani akiwa na swali moja tu: ni kweli?

Hadithi ya familia yetu ilisema kwamba mzee wetu wa kwanza alishuka kutoka milima ya Usambara akiwinda, akapapenda Bonde, akabaki. Nilipomuuliza shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, alinijibu kwa mkato, “Mambo ya zamani yaache yalale, mwanangu.”

Kazi ndiyo iliyotuonyesha njia

Nilianza na ninachokijua: jina la ubatizo la babu na takriban mwaka aliozaliwa. Katika ofisi ya parokia moja wilayani Muheza, katibu alinitolea daftari kuukuu, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni. Tulimpata babu, na jina la baba yake.

Hapo tukakwama. Katika daftari la ndoa la miaka ya nyuma walikuwapo wanaume wawili wenye jina hilo hilo, kwa kuwa kila mtu alibatizwa jina la mtume au la nabii. Kilichowatenganisha ni safu ya kazi. Mmoja aliandikwa mpishi, mwingine mwashi. Babu yangu alikuwa mwashi, akijenga nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba ya mkonge, na alikuwa akisema ufundi ule alifundishwa na baba yake. Tukamfuata mwashi.

Mama yake mwashi naye alikuwa mle. Alibatizwa akiwa mtu mzima. Mahali alikotoka pameandikwa Mbweni, kabila Myao, na kwenye nafasi ya wazazi hakuna kitu.

Mbweni iko Unguja. UMCA walinunua ardhi pale mwaka 1871 na kuwaweka watu waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto waliotolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Uingereza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa siri. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikateremka hadi Kilwa. Baadhi ya waliokombolewa walirudishwa bara na misheni, wengine Masasi mwaka 1876, wengine wakaja kufanya kazi katika vituo vya huku kwetu.

Kumbe mzee wetu wa kwanza hapa hakuwa mwindaji. Alikuwa msichana aliyeibwa.

Niseme au ninyamaze?

Nilikaa na habari ile siku kadhaa. Pwani yetu bado watu hupimana kwa asili, na neno moja linaweza kuharibu posa. Mwishowe nilirudi kwa shangazi nikamsomea nilichonakili.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba yule mwashi, babu yake, alikuwa na desturi ya kuwahesabu wajukuu kila jioni kabla ya kufunga mlango. Akimaliza anahesabu tena. Wakimcheka, anajibu, “Mama yangu alinifundisha hivi.” Shangazi alidhani ni ukali wa wazee tu. Siku hiyo alilia, nami nikalia naye. Baadaye akaniambia, “Mweleze mtoto.”

Nilimweleza binti yangu yote. Nilimwambia kuwa aibu ni ya aliyeiba, si ya aliyeibwa. Ndiyo, bibi yake babu alikuja, tena alikuja akiwa hana mtu, na mwanawe akajenga kwa mawe. Wajukuu wameoa na kuolewa Bonde, wanazika Bonde. Binti aliuchora mti wake na juu kabisa akaandika jina la bibi yule, kisha akaacha matawi mawili matupu kwa ajili ya wazazi wake.

Kama nawe unataka kuanza, anza na wazee walio hai, na waulize kazi kabla ya majina. Mtu husahau jina la mzee, lakini atakumbuka kwamba alikuwa fundi wa majahazi Pangani, mfanyakazi wa reli au manamba wa mkonge. Kama kuna kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi shambani, usikitupe. Familia za Kiislamu zitazame hati za ndoa na mirathi, na ziwasikilize wazee wanaojua nasaba kwa moyo. Ukienda parokiani, nenda na jina la ubatizo na mwaka wa kukadiria, maana katibu hawezi kukufunulia madaftari yote.

Na mzee akikwambia yaache yalale, usimlazimishe. Rudi siku nyingine, ukiwa na mtoto.