Kosa Linalopiga Kelele

Ukitaka kujua kama programu ya mwanafunzi imekomaa, mwambie atafute neno ng'ombe.

Ninafundisha kompyuta mjini Machakos, na msimu wa miradi ukifika naona jambo hili likijirudia. Mwanafunzi ameunda fomu nadhifu ya Visual Basic, ameweka kisanduku cha kuandikia na kitufe cha Tafuta, na nyuma yake kuna faili la Access lenye majedwali ya wafugaji na mifugo yao. Anaandika mbuzi, majibu yanakuja. Anaandika kondoo, yanakuja. Anaandika ng'ombe, programu inasimama na kutoa ujumbe wa Kiingereza kuhusu sintaksia. Wengi huduwaa. Kilichotokea ni kwamba lugha ya SQL huyafunga maneno ndani ya alama ya mtajo, na alama hiyo kwenye kibodi ndiyo ileile tunayoitumia kama ritifaa. Kanzidata imesoma ng, imekutana na ritifaa ikaamini kwamba neno limekwisha, kisha imebaki na ombe isijue la kulifanyia. Mang'eli atakwama hapohapo. Ndung'u naye, na Nyong'o, na kaunti nzima ya Murang'a. Vitabu vya kigeni tunavyofundishia hutoa mfano wa jina O'Brien na kupita haraka, maana kwa waandishi wake hilo ni tatizo la majina machache. Kwetu ni mfugo ulioko karibu kila boma.

Njia ya mkato wanayoikimbilia wanafunzi ni kuifuta ritifaa: waandike ngombe, waandike Mangeli, mambo yaishe. Siikubali. Mfugaji aliyekuja na kitambulisho chake hapaswi kubadilishiwa jina ili programu ya mtu ifanye kazi. Dawa yenyewe ni parameta: amri unaiandika peke yake ukiacha pengo, na neno la mtumiaji unalipitisha kando, likae kama data tu, lisiweze kuchanganyika na amri. Dawa hiyo pia huziba mlango ambao wezi wa mitandaoni wameupita kwa miaka mingi, kwa sababu amri inayovunjwa na ng'ombe inaweza pia kuandikwa upya na mtu mwenye nia mbaya.

Pamoja na usumbufu wake, kosa hili nalipenda. Linapiga kelele. Linakusimamisha papo hapo, mbele ya macho yako, kabla hujampelekea mtu yeyote kazi mbovu. Hata ule ujumbe wa Access unaowatesa sana wanaoanza, kwamba parameta ni chache na ilitarajiwa 1, una wema wake. Mara nyingi maana yake ni kwamba umekosea tahajia ya jina la safu. Umeandika Mfugaj badala ya Mfugaji, na kanzidata, isipolijua jina hilo, inadhani ni pengo ambalo ungelijaza baadaye. Mwanafunzi anayeusoma ujumbe wote kwa utulivu na kulinganisha majina moja moja huondoka hapo upesi. Anayeufunga kwa hasira bila kuusoma hukesha.

Ninayoyahofia ni makosa yanayonyamaza.

Chukua namba ya simu. Mwanafunzi anaona ni tarakimu, basi anaipa safu aina ya namba. 0722 inaingia, inahifadhiwa 722, sifuri ya mbele imepotea, wala hakuna aliyelalamika. Au chukua tarehe. Sisi tunaandika 3/4 tukimaanisha tarehe 3 Aprili. Access ikiikuta tarehe hiyo ndani ya swali la SQL huisoma kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza, yaani Machi 4. Siku ikizidi 12 hakuna mwezi wa kulingana nayo, kwa hiyo huigeuza yenyewe na kuisoma sawasawa. Ndiyo maana ripoti ya tarehe 20 hutoka sahihi na ya tarehe 5 hutoka ya uongo. Kijana anayeijaribu programu yake mwisho wa mwezi ataapa kwamba iko sawa, na ataapa kwa nia njema kabisa. Tiba ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Lakini nani ataitafuta tiba kama hajui kwamba anaumwa?

Kijana mmoja niliyemsimamia aliunda programu kwa ajili ya chama cha ushirika cha maziwa cha kwao, upande wa Mwala. Kazi yake ilikuwa safi. Jedwali moja la wanachama, jingine la maziwa yanayopimwa kila asubuhi, na swali moja linaloyaunganisha kwa namba ya mwanachama ili kutoa orodha ya mwezi. Nilikuwepo alipoichapisha orodha hiyo na kumkabidhi karani, mama aliyekuwa ameandika lita za kila mtungi katika daftari kwa miaka mingi. Alivaa miwani, akashusha kidole juu ya majina, akafika chini, akarudi juu.

"Mwanangu, hawa wenye ng'ombe waliokauka umewapeleka wapi?"

"Wapi, mama? Kompyuta haijaonyesha kosa lolote."

"Sawa, lakini wana hisa zao hapa. Na mkutano mkuu wanakuja."

Ng'ombe wa maziwa hukaushwa kwa takriban miezi miwili kabla ya kuzaa. Katika miezi hiyo mfugaji hana cha kuleta. Kijana alikuwa ameyaunganisha majedwali yake kwa namna inayorudisha tu walioko pande zote mbili, yaani mwanachama mwenye angalau mtungi mmoja uliopimwa. Asiye na mtungi hakupata sifuri mbele ya jina lake. Alitoweka, jina na yote. SQL ina namna nyingine ya kuunganisha, inayowabakiza wote wa jedwali la kushoto hata kama upande wa kulia hauna kitu, na kubadilisha neno moja katika msimbo kulitosha. Kulirekebisha hakukuchukua muda. Kuligundua kulihitaji mtu anayewajua wenye ng'ombe.

Nalifikiria tukio lile kila ninapofundisha historia ya somo hili. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, iliyokuja kuitwa SQL, wakitumaini kwamba hata mtu asiye mtaalamu wa programu angeweza kuuliza kwa maneno yanayokaribia usemi wa kawaida. Kwa kiasi kikubwa walifaulu. Mwanafunzi wangu hujifunza kuandika swali linaloendeshwa katika juma la kwanza. Kujua kama swali hilo ndilo alilokusudia karani ni kazi ya muda mrefu zaidi, na hakuna mtambo wa kuifanya kwa niaba yake.

Kuna pia suala la pengo lililoachwa tupu, ambalo SQL hulitenga kabisa na sifuri. Mfugaji aliyeleta lita 10 Jumatatu, lita 0 Jumanne, na Jumatano karani hakuandika kitu: ukiomba wastani utapewa 5, kwa sababu Jumatano haihesabiwi. Haijulikani. Ukimwambia mwanafunzi ajaze sifuri ili jedwali lipendeze, wastani unashuka hadi 3.33, na umemshuhudia mfugaji uongo. Mara nyingi nasimama hapa kwa muda mrefu kuliko mtaala unavyotaka, kwa kuwa nimeona jambo hili likinibadilisha hata nje ya darasa. Ndugu asiyeandika neno katika kundi la WhatsApp la familia wakati wa mchango, zamani nilikuwa namjazia sifuri: hajali, hatoi. Siku hizi naacha pengo likae tupu mpaka nimpigie simu. Mwanafunzi asiyeinua mkono mwaka mzima, vivyo hivyo. Tumezoea kudhani kwamba palipo kimya pana amani au pana uzembe, na kwa kudhani hivyo tumewapoteza watu wengi kwenye orodha zetu.

Vijana wa huku huzungumza sana kuhusu Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2013, na ambao wengi wao huupita wakisafiri barabara ya Mombasa. Nawatakia nafasi huko, kwa dhati. Lakini nawaambia pia kwamba dirisha la kupimia maziwa lina data ngumu kuliko wanavyodhani, na kwamba anayeweza kumridhisha yule karani ataweza kazi popote.

Kwa hiyo nimewawekea sharti moja wanaoandaa mradi wa karatasi ya tatu ya somo la kompyuta katika KCSE, na hata wale wa diploma. Kabla ya kubofya kitufe, andika kwa kalamu jibu unalolitarajia, kutoka kwenye rekodi chache ulizozihesabu mwenyewe: mmoja aliyeleta maziwa, mmoja asiyeleta, mmoja mwenye ritifaa katika jina, mmoja wa tarehe 5. Kisha bofya, ulinganishe. Wengine hulalamika kwamba ni kurudi nyuma, kwamba kompyuta ipo ili tusihesabu kwa mkono. Nawaelewa, na silegezi.

Sasa limekuja jambo jipya. Programu za akili unde humwandikia mwanafunzi swali refu la SQL kwa sekunde chache, na mara nyingi swali hilo haliangushwi na ng'ombe wala tahajia. Makosa yenye kelele yanapungua, na sijui kama wanafunzi wanatambua kwamba yaliyobaki ni yale mengine. Juzi msichana mmoja alinionyesha swali la namna hiyo, la chama cha akiba cha akina mama wa mtaani kwao. Liliendeshwa bila hitilafu na orodha ikajaa skrini. Nikamuuliza wanachama ni wangapi. Akahesabu mistari, akanitajia. Nikamuuliza kama idadi hiyo ndiyo iliyoko katika daftari la mweka hazina. Hakuwa na daftari. Akachukua simu, akatoka kwenye korido, na kupitia mlango nikamsikia akisema: "Shikamoo mama, naomba unisomee majina yote, hata ya wale ambao hawajachanga."