Ijumaa Iko Ndani?

Jumamosi asubuhi huwa nashukia Olympic, Kibera, nafuata njia ya vumbi hadi kachumba ka mabati ninakofundisha vijana wanane wa kidato cha nne. Karatasi ya pili ya Kiingereza kwenye KCSE hupenda kuwawekea sentensi zenye pengo: jaza kihusishi kinachofaa. Alama ni chache, lakini ndizo zinawamaliza.

"Tichaa, kwani Wazungu walikosa 'ni'?" mmoja aliniuliza.

Swali poa. Sisi tunachukua soko, tunaongeza -ni, kazi imeisha. Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni: kitenzi ndicho kinabeba mzigo. Mzungu anadai "at", anadai "to", anadai "from". Ukiniambia nikuandikie, ile "i" kwenye kitenzi imeshasema "to" ama "for", chagua wewe. Ndiyo maana wananiandikia "he laughed me". Alinicheka. Sasa hapo pengo liko wapi?

Lakini hata sisi hizo tofauti tulikuwa nazo. Sokoni hapa, palepale unapopaonyesha kwa kidole. Sokoni huku, upande huo tu. Sokoni humu, ndani kabisa. Ni vile Nairobi tumeachia "huku" karibu kazi yote.

Kitu sijawaambia ni ya mathe. Tulikuwa tunaishi Kawangware, na yeye alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kufua nguo Lavington. Madam wake alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwa salamu. Shosho alipofariki, mathe alinipa simu. "Mwandikie na hiyo Kiingereza yako ya shule. Mwambie sitakuwa hadi Ijumaa."

Nikaandika, tena nikijiskia: "I will be away until Friday." Mwalimu angeweka tiki.

Mazishi yalikuwa hiyo hiyo Ijumaa. Kwa mathe, "hadi Ijumaa" ilikuwa imemeza Ijumaa yenyewe. Madam naye alisoma kwamba Ijumaa mtu atakuwa kazini, na alikuwa na wageni siku hiyo. Jumatatu mathe alipofika getini, soja alimpa mfuko wenye slipa zake na leso. Ndani kulikuwa na mtu mwingine anafua.

Baadaye nilikuja kujua Wamarekani wana "through Friday", na Waingereza wakitaka kuwa salama wanaongeza "inclusive". Kumbe pengo hilo linawasumbua hata wenyewe! Mathe hakunilaumu. Alisema madam alikuwa anatafuta tu sababu. Labda. Lakini sababu yenyewe niliiandika mimi.

Siku hizi ana kazi kwingine, na bado mimi ndiye naandika meseji. Kabla sijatuma namsomea kwa Kiswahili. Anasikiliza hadi mwisho, halafu anauliza: "Na hiyo Ijumaa yenyewe, iko ndani ama iko nje?"