Bima na Mashua ya Uokozi

Kutoka Handeni hata Korogwe hapana ufuko wa bahari. Maji makubwa tuyajuayo ni ya mto Pangani, upitao Korogwe ukienda zake Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mara nyingi huwaza juu ya urafiki wa kale baina ya watu wa bima na waokoaji wa baharini.

Mwaka 1802 wafanyabiashara wa bima wa Lloyd's, mjini London, walitoa pauni 2,000 ili mashua za uokozi ziundwe. Mwaka 1824 kikazaliwa Uingereza chama cha hisani kiitwacho sasa RNLI, ambacho wengi wa mabaharia wake hujitolea. Mwenye shaka atasema watu wa bima walitafuta faida. Lakini mashua ya uokozi hubeba watu, haibebi shehena. Na shehena ndiyo waliyokuwa wameidhamini.

Bima hulipa chombo, hulipa mzigo. Baba wa watoto hairudishi. Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa. Mimi, mtu wa bara nisiyejua kuogelea, nipandapo chombo kwenda Unguja siulizi hati ya bima. Hutazama upeo wa bahari, kama yupo atakayekuja.

Alipaye baada ya msiba ametimiza mkataba. Amsaidiaye mwokozi kabla ya msiba ametimiza utu.